Tone Moja kwa Kila Spea

Jumatatu, 4 Agosti

Zimefika. Spea zote za kompyuta ya Muthoki, kutoka duka la Abdinoor kule mjini Salama, zimeletwa na bodaboda hadi mlangoni. Muthoki amezipanga mezani juu ya leso yangu mpya, moja moja, kama daktari anayepanga vyombo. Nimehesabu nane. Kasha, feni, pawa ya kuleta umeme, ubao mkubwa anaouita motherboard, kile kidogo cha mraba ambacho ndicho ubongo, vijiti viwili vya memori, na ile ya kuhifadhi kazi. Skrini tunayo, ni ya zamani lakini inaonyesha.

Hakuna msichana mwingine Kasikeu nzima aliyewahi kuunda kompyuta kwa mikono yake. Nimeuliza. Mimi niliishia darasa la saba. Huyu ana cheti cha ujenzi cha politekniki, na akichora nyumba unaona hadi mahali utakapoweka kiti.

Jambo lenyewe ni hili. Bwana Nthiwa, yule anayejenga maduka kule Makindu, amemwambia Muthoki ampelekee ramani ya duka la vyumba vitatu, mwisho Jumamosi ya tarehe 16. Ikimpendeza, kazi yake yote ya kuchora itakuwa ya Muthoki. Isipofika, ana majina mengine matatu kwenye simu. Kompyuta za kukodi kule saiba hukwama ukifungua tu ile programu ya kuchora. Ndiyo sababu tunaunda yetu.

Muthoki ameniomba nisiguse kitu. Anasema mwili wa mtu una umeme mdogo unaoweza kuua spea. Nimemwambia nilimbeba miezi tisa na huo umeme wangu na hakufa. Amecheka. Lakini ameisogeza meza hadi ukutani.

Kwenye mazoezi ya kwaya nimetangaza kwamba Jumapili baada ya ibada Pasta Muindi atakuja kuiombea kompyuta, na muthokoi ya mahindi na maharagwe itakuwepo. Wayua, jirani yangu ambaye hupenda kuanzisha nyimbo kabla sisi wengine hatujavuta pumzi, akasema laptop ya mwanawe Gedion ilikuja ikiwa imeshaungwa. Nikamjibu kwamba hata mandazi ya hoteli huja yakiwa yameiva, na hapo mama anasifiwa kwa nini?

Habari ya Jumapili sijamwambia Muthoki.

Jumanne, 5 Agosti

Siku nzito. Muthoki ameunda tangu asubuhi hadi saa nane. Mimi nilisimama mlangoni nikizuia kuku na majirani. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Feni haikuzunguka, taa haikuwaka. Nimeona watu wakitoka makaburini na nyuso nzuri kuliko uso wake.

Kisha akafanya jambo nitakalosimulia hadi nife. Akatoa pawa, akaichomeka kwa stima peke yake, akaniomba kipini cha nywele. Akakikunja, akaunganisha nacho waya wa kijani na ule mweusi. Anasema pawa nzima ingezungusha feni yake hapo hapo. Haikuzungusha. Basi hii ndiyo mbovu, akasema, zingine huenda ziko sawa. Kwa kipini changu mimi.

Nikasema Abdinoor ametuuzia maiti. Muthoki, ambaye huniita Mwaitu, yaani mama, akasema hapana, Mwaitu, kitu kipya mara nyingine hutoka kiwandani kikiwa kibovu, ndiyo maana kuna waranti. Kinachotakiwa ni risiti na boksi lake tu.

Hapo kwa boksi nikakohoa. Jana niliona maboksi mazuri yamekaa bure, na kuku wangu mwekundu analalia mayai wiki ya pili sasa. Boksi la pawa lilimtosha kama amepimiwa. Mayai tisa.

Mpango: kesho alfajiri kuku atahamia kwenye karai. Boksi nitalipangusa. Na Salama nitaenda mimi, kwa sababu Muthoki ni mpole mno kwa vita.

Jumatano, 6 Agosti

Nilivaa sare ya akina mama wa kanisa, pamoja na mshipi wake, ili Abdinoor ajue anaongea na nani. Hotuba niliipanga sehemu tatu: uaminifu, machozi ya mzazi, na chifu.

Abdinoor ni kijana mrefu, watu wao ni wa Garissa, na haongei kwa haraka. Dada yake Ruqiya hukaa kwenye kaunta na kuandika risiti. Niliweka boksi mbele yao nikavuta pumzi. Kabla sijafika hata nusu ya uaminifu, Abdinoor alikuwa ameshaichomeka pawa kwenye mashine yake ya kupimia. Akasema pole mama, hii imekufa, ngoja nikupe nyingine. Akaipima hiyo nyingine nikiona. Ikazunguka. Dakika tano zote.

Ruqiya alitoa unyoya mwekundu ndani ya boksi, akauinua kwenye mwanga, akamuuliza kaka yake kama siku hizi viwanda vinafuga. Nikasema sisi watu wa Kasikeu hatujui mambo ya viwanda.

Nikabaki nimesimama na hotuba nzima kifuani. Ile sehemu ya chifu niliitoa hata hivyo, kwa ufupi. Abdinoor alisikiliza hadi mwisho, akaniletea chai, akasema nimsalimie fundi wangu, yule binti anajua kuchagua vitu. Sikujua niuweke wapi uso.

Kwaya nimewaambia alitetemeka. Si uongo kabisa. Alipobeba kile kikombe, chai ilitetemeka.

Alhamisi, 7 Agosti

Imewaka!

Saa tatu asubuhi. Feni imelia kama nyuki, skrini ikawa ya bluu, Muthoki akaniegemea begani. Ameingiza ile programu na kunichorea nyumba yetu, na mlango wa jikoni ambao tumeutaka miaka yote. Nimelia kidogo, kwa heshima.

Mchana akaenda kusaga mahindi. Nikabaki na kompyuta, sisi wawili, na mawazo. Pawa ya kwanza ilikufa kwa nini? Ilikuja siku ile ile niliyomtangazia Wayua. Kama jicho la mtu limeweza kuua spea moja, zile saba zitaponaje? Jumapili ni mbali. Pasta akija, mafuta yake huyapaka nje tu, paji la uso kama lipo. Ubaya huingia ndani.

Nina ile chupa ndogo ya mafuta ya upako niliyopata kwenye mkutano wa Machakos. Niliomba, nikafungua ubavu wa kasha, nikaweka tone moja kwa kila spea. Sikumwaga. Mimi si mtu wa ovyo. Vijiti vya memori nilivichomoa kabisa, kuna vishikizo huku na huku, ukivibonyeza kijiti kinaruka chenyewe. Hakuna aliyenifundisha. Chini vina meno ya dhahabu. Nikaona dhahabu ndiyo kitu cha kwanza jicho baya huona, kwa hivyo hayo meno nikayapaka yote, na pale yanapokaa pia. Nikavirudisha hadi vikalia kak.

Nikafunga. Nikapangusa kasha. Nimelala usingizi mzuri wa mchana.

Ijumaa, 8 Agosti

Haiwaki. Feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi, na ndani kuna kitu kinalia tii, tii, tii, mara tatu, kinanyamaza, kinaanza tena. Ni sauti ya kitu kinachoita mtu.

Muthoki amesoma kwenye simu, akasema mlio huo maana yake haioni memori. Amevitoa vijiti, amevibadilisha nafasi, kimoja kimoja. Tii, tii, tii. Zimebaki siku nane na hajachora hata ukuta mmoja wa Bwana Nthiwa. Akasema labda memori nayo ilitoka kiwandani mbovu, Mwaitu, bahati gani hii?

Nikasema ni Abdinoor. Nilisema hivyo haraka.

Habari ya mafuta sikuileta kwa sababu hakuniuliza, na pia kwa sababu mafuta ya upako hayawezi kuharibu kitu. Hiyo iko wazi. Bila hayo mafuta pengine nyumba ingeungua.

Jumamosi, 9 Agosti

Salama tena, sare tena. Muthoki amebaki akichora kwa penseli ili siku isipotee.

Leo hotuba nilianzia mlangoni, nisipitwe. Wateja wawili wakaondoka. Abdinoor alijaribu vijiti kwenye mashine yake, vikakataa. Akavigeuza geuza. Ruqiya akakileta kimoja karibu na pua, akasema kinanukia kama kichwa cha bibi harusi. Abdinoor akaniuliza, taratibu, kama kuna kitu kilimwagika. Nikamwambia hakuna kilichomwagika. Na hakikumwagika. Akaniangalia kwa muda. Nami nikaangalia kalenda yake.

Memori ya aina hiyo imemwishia dukani. Akafungua mashine yake mwenyewe, ile ya kupimia, akachomoa vijiti vyake akanipa, akasema nirudi na hivi vyangu pia hadi apate vingine vya kubadilisha. Akasema kazi ya binti isikwame. Nilitoka nikiwa mshindi, lakini ushindi wenyewe haukuwa na ladha.

Nyumbani Muthoki akaviingiza. Tii, tii, tii.

Hakulia. Afadhali angelia. Alikaa tu akiiangalia ile kompyuta kama mgeni aliyekataa chakula. Nikaona huo si wakati wa kuomba, lakini wageni walikuwa wameshaalikwa, kwa hivyo nikamwambia kuhusu Jumapili.

Jumapili, 10 Agosti

Nitaandika yote.

Walikuja kumi na wanane. Kompyuta niliifunika kitambaa cha kufuma, na kabla hawajafika nikazima ile swichi kubwa ya stima, ili atakayetaka kuiona ikiwaka aambiwe stima zimepotea. Mpango safi. Wayua aliniuliza stima zimepotea kwa nani, maana redio yake anaisikia ikiimba kutoka huku. Nikamwambia line zetu ni tofauti.

Pasta Muindi akaomba vizuri, akamtaja Muthoki kwa jina. Kisha akatoa chupa yake ya mafuta, akaomba kasha lifunguliwe, kwa sababu, alisema, kitu kama hiki huombewa moyoni. Sikujua kuna pasta anafikiri kama mimi. Muthoki akaruka akamshika mkono. Akasema samahani sana Pasta, ndani hapana, nje tu. Akaeleza watu wote, kwa upole kama mwalimu, kwamba memori inashikana na ubao kwa yale meno ya dhahabu, na yakiingia mafuta haishikani tena, kompyuta haiwezi kuwaka, inalia tu.

Watu wakasema aaa. Pasta akapaka nje.

Mimi nilikuwa nimeshika mwiko wa muthokoi. Niliendelea kupakua, nikampakulia mtu mmoja mara tatu.

Wakati wa kuondoka Wayua alinivuta kando ya tangi. Hakucheka. Akasema Mama Muthoki, mimi nimeona hiyo kitu haiwaki, kama mtoto ana kazi ya haraka, laptop ya Gedion iko mezani, aje. Nikamwambia asante, hatuna shida yoyote. Muthoki alikuwa anaosha sahani. Sikumwambia.

Jumatatu, 11 Agosti

Mpango wa kurekebisha bila mtu kujua. Mafuta huondolewa na nini? Sabuni na maji moto. Hata darasa la saba wanajua.

Muthoki alipoenda kurudisha viti vya kanisa, nikachomoa vijiti vya Abdinoor, nikachukua na vile vyetu vya kwanza, vinne vyote, nikaviosha kwa sabuni ya vyombo, nikavisuuza mara mbili, nikavianika juani kwenye ungo pamoja na ndengu. Nilikuwa nimebakisha kuwaza jinsi ya kuosha ubao. Lakini viti havikuwa vingi, akarudi mapema. Nikatoka jikoni nikamkuta amesimama juu ya ungo, kuku mwekundu akidonoa ndengu, naye ameshika kijiti cha memori kwa vidole viwili.

Akauliza kitu kimoja tu. Mwaitu, hizi zilikuwa na nini?

Nikamwambia. Tone kwa tone. Alhamisi yote.

Hakupaza sauti. Aliketi kwenye ngazi akahesabu siku kwa vidole, akafika tano. Kisha akauliza kama kuna lingine. Ningeweza kusema hapana. Nikamwambia kuhusu laptop ya Gedion.

Akainuka, akachukua faili yake ya michoro, akapita kando yangu akaenda kwa Wayua. Hakuniaga. Uchungu wa kumzaa ulichukua siku mbili na haukuwa hivi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempeleka mgonjwa mwenyewe. Kasha na vijiti vyote vinne nilivifunga kwa leso nikavipakata hadi Salama. Sikuvaa sare.

Duka lilikuwa tupu. Nikaona mashine ya kupimia imekaa na tumbo wazi, bila memori, na Abdinoor akimwambia mtu kwenye simu kwamba kwa siku hizi hawezi kupima chochote, ajaribu duka lingine. Alikuwa anasema hivyo tangu Jumamosi, kwa sababu yangu.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Sikuwa na sehemu tatu, ilikuwa moja. Abdinoor akageuka akaangalia ukuta, na mabega yake yakawa yanaruka. Ruqiya hakuangalia ukuta, alicheka usoni pangu hadi akashika kaunta. Akasema yeye alijua, ila alidhani ni mafuta ya nywele.

Kisha Abdinoor akanigeukia, akasema mama, nilikuuliza. Hivyo tu. Ningependa kama angenigombeza.

Akaleta spirit ya hospitali, mswaki laini na kifutio cha shule. Akasugua zile nafasi za ubao, moja moja, akanipa kifutio na vile vijiti vyetu, nikasugua meno ya dhahabu mwenyewe hadi yakang'aa. Akaunganisha. Ikawaka mara ya kwanza. Na vijiti vyake vyote viwili vinafanya kazi, ingawa vimeoshwa. Nikasema basi hata sabuni inafaa. Akaniomba, kwa heshima zote, nisimwambie mtu yeyote.

Nilikuwa nimembebea jogoo wa kuomba msamaha. Ruqiya akauliza kama ana risiti na boksi lake.

Jioni Muthoki alirudi kutoka kwa Wayua akaikuta imewaka, kitambaa kimeondolewa. Alikaa akaanza kunakili kazi yake. Baada ya muda akasema Mwaitu, niletee chai. Niliileta nikiwa nakimbia.

Jumamosi, 16 Agosti

Alimaliza jana saa kumi. Kuta nusu zimechorwa kwa Wayua, nusu kwetu. Leo tumeenda Makindu na karatasi ndani ya bomba la plastiki.

Bwana Nthiwa aliweka miwani. Aliangalia muda mrefu sana hivi kwamba nilianza kumweleza, Muthoki akanikanyaga. Akauliza maji ya mvua kutoka kwa paa yanaenda wapi. Muthoki akamwonyesha kwa kidole: hapa, kwa tangi, nyuma ya chumba cha tatu. Bwana Nthiwa akasema wale wengine wote humsahaulia maji. Akakunja ramani akaiweka kwenye droo yake, akampa michoro ya nyumba mbili za kuanza Jumatatu.

Kazi ni yake.

Nimempelekea Wayua muthokoi, sufuria nzima. Nimemwambia kesho aanzishe wimbo anaoutaka. Akasema angeuanzisha tu. Tumecheka. Ni mwanamke mzuri, ukimzoea.

Jumapili, 17 Agosti

Nimetoa ushuhuda kanisani, dakika ishirini. Sehemu ya sabuni niliiruka kwa sababu Abdinoor aliniomba.

Baada ya ibada Muthoki alinileta mbele ya Pasta Muindi, na hapo nikaapa, mkono juu ya Biblia, kwamba sitaweka tone la mafuta ndani ya kompyuta yoyote maisha yangu yote. Nimeapa kwa moyo safi. Nimejifunza. Muthoki amenikumbatia, na sasa ameenda kwa Wayua kumrudishia Gedion chaja.

Nimebaki peke yangu na printa. Bwana Nthiwa ametuazima kwa ajili ya kazi, imeletwa mchana huu, kubwa kama sanduku la nguo. Wayua ameshaiona ikishushwa. Ameisifu mara mbili.

Printa si kompyuta. Nimemuuliza Pasta kwa simu, amekubali ni vitu viwili. Tena hii hutumia wino, kwa hivyo unyevu imeuzoea. Na pale karatasi inapoingia kuna vigurudumu vidogo vya mpira, vikavu kabisa, ambavyo mtu yeyote mwenye huruma akiviona atajua vinahitaji kitu.

Boksi lake lipo salama. Mayai yametotolewa saba, vifaranga wanalala humo.

Chupa bado ina mafuta nusu. Tone moja tu. Muthoki akirudi nitakuwa nimeshapangusa.